Kinasa vipindi cha kujitegemea na kinasa cha kampuni ya dishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vinasa hivi viwili vinatofautiana wapi hasa?

Vinatofautiana katika mahali vinapochukulia picha, na katika nani ameshika ufunguo wa hiyo picha. Kinasa cha kampuni ni king'amuzi chenye diski ndani. Kinapokea mawimbi kutoka kwenye dishi, kinayahifadhi jinsi yalivyo, na wakati wa kutazama kinayafungua kwa kadi au programu ya kampuni.

Kinasa cha kujitegemea ni kile unachonunua mwenyewe, kisichofungwa na kampuni yoyote. Kipo cha aina mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Aina ya kwanza haina tyuna ya setilaiti, yaani kipokezi kinachoshika mawimbi ya chaneli: inategemea king'amuzi ulicho nacho, inachukua picha iliyokwisha kufunguliwa kutoka matundu ya nyuma, kisha inaibana upya na kuiweka kwenye diski. Aina ya pili ina tyuna yake, kwa hiyo unaichomekea kebo ya dishi moja kwa moja. Zote zinauzwa kwa jina moja, lakini kwa matumizi zinatofautiana kama mashine mbili zisizohusiana. Kabla ya kuuliza bei, geuza kinasa utazame nyuma: kikiwa na tundu la skrubu la kebo ya dishi, ni aina ya pili.

Nina haraka. Nichukue kipi?

Kama chaneli unazozitazama zaidi ni za kulipia na zote ni za kampuni moja, chukua kinasa cha kampuni hiyo. Hakuna kingine kitakachorekodi chaneli hizo kwa ubora kamili bila usumbufu. Kama chaneli zako nyingi ni za bure, chukua cha kujitegemea chenye angalau tyuna mbili za DVB-S2, kiwango kipya cha kurushia chaneli za setilaiti. Kisicho na tyuna kiwe chaguo la mwisho, pale ambapo mengine yote yameshindikana.

Kwa nini picha ya kinasa cha kampuni huonekana safi zaidi?

Kwa sababu hakiigusi. Picha ya setilaiti hufika ikiwa imeshabanwa na kituo cha televisheni, kwa mbinu za kubana video kama MPEG-2, H.264 au HEVC. Kinasa cha kampuni huandika mtiririko huo kwenye diski biti kwa biti, na unachokitazama kesho ni kilekile ambacho ungekiona leo.

Kinasa kisicho na tyuna hupokea picha iliyokwisha kufunguliwa, nacho hulazimika kuibana mara ya pili. Kila kubana kunatupa sehemu ya picha. Hasara hiyo huonekana kwanza kwenye majani, maji, moshi na nyasi za uwanja wa mpira, ambako utaona vijisanduku vidogo vikitetemeka. Kama king'amuzi na kinasa vimeungana kwa kebo moja ya njano, kuna hasara nyingine: kebo hiyo hubeba picha ya kawaida tu, hata kama chaneli ni ya HD. Sauti ya mzingo hugeuka stereo, na lugha ya pili ya sauti hupotea, maana kinachorekodiwa ni ile tu iliyokuwa ikisikika. Maandishi ya chini yakiwa yamewashwa, yanakwama ndani ya picha moja kwa moja. Huwezi kuyaondoa baadaye.

Kwa hiyo vinasa vyote vya kujitegemea vinapunguza ubora?

Hapana. Chenye tyuna yake hufanya kazi ileile ya kinasa cha kampuni: kinaandika mtiririko kama ulivyokuja, pamoja na sauti zote na maandishi yote. Hakikisha tu tyuna ni ya DVB-S2, kiwango kilichotoka mwaka 2005, kwani tyuna ya DVB-S pekee haizioni kabisa chaneli zinazorushwa kwa kiwango kipya. Tena kiwe na uwezo wa kufungua HEVC kama unakusudia kutazama 4K.

Nimeunganisha HDMI ya king'amuzi kwenye kinasa, napata giza tupu. Kimeharibika?

La. Hiyo ni HDCP, kinga iliyowekwa kwenye HDMI ili picha isipite kwenda kwenye chombo cha kurekodia. Televisheni inaruhusiwa kuonyesha, kinasa hakiruhusiwi kuhifadhi. Kubadilisha kebo hakusaidii. Tumia matundu ya analogi ya king'amuzi kama bado yapo: zile kebo tatu za rangi nyekundu, kijani na bluu hubeba picha ya HD, pamoja na kebo mbili za sauti, ile moja ya njano hubeba picha ya kawaida. Ving'amuzi vipya vingi vimeachana na matundu hayo, na baadhi ya chaneli huweka kinga hata kwenye analogi. Angalia nyuma ya king'amuzi kabla hujanunua kinasa cha aina hii.

Kinasa kisicho na tyuna kinabadilishaje chaneli kwenye king'amuzi?

Kinajifanya rimoti. Huja na waya mrefu wenye kitaa kidogo cha infraredi mwishoni, unachokibandika mbele ya jicho la king'amuzi. Saa ya kipindi ikifika, kinasa hutuma namba ya chaneli kupitia kitaa hicho, kisha huanza kurekodi kinachotoka, kiwe ndicho au sicho. Hakina namna ya kujua kama amri imefika.

Ufungaji wake ndio unaoamua kila kitu:

1. Tafuta jicho lenyewe kwa tochi. Mara nyingi limefichwa nyuma ya plastiki nyeusi. Bandika kitaa kwa umbali wa sentimita 2 hadi 3, kisigusane nalo, maana mwanga ukizidi jicho husoma vibaya.
2. Kwenye menyu ya kinasa chagua chapa ya king'amuzi, kisha jaribu misimbo mmoja mmoja hadi chaneli ibadilike mara kumi mfululizo bila kukosea.
3. Chagua kasi ndogo ya kutuma tarakimu. Kasi kubwa ndiyo inayogeuza 125 kuwa 15 au 12.
4. Kama king'amuzi hungoja kidogo baada ya tarakimu ya mwisho, washa chaguo la kutuma OK mwishoni.
5. Funika kitaa na jicho kwa kipande cha karatasi nyeusi ili mwanga wa jua na rimoti nyingine visiingilie.

Hata ukifunga vizuri, king'amuzi kinaweza kukuangusha. Vingi hujizima vyenyewe baada ya saa kadhaa bila rimoti kuguswa, na hapo unarekodi giza kwa saa mbili. Ingia kwenye mipangilio ya kuokoa umeme uzime kipengele hicho. Ujumbe wowote utakaotokea kwenye skrini, iwe taarifa ya malipo au ombi la namba ya siri ya wazazi, utarekodiwa nao.

Naweza kurekodi vipindi vingapi kwa wakati mmoja?

Hesabu ya mwanzo ni moja kwa kila tyuna, lakini tyuna peke yake haitoshi. Kebo ndiyo inayowanyima watu wengi kipindi cha pili.

LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, ikiwa ya kawaida ya bendi ya Ku haiwezi kuteremsha mawimbi yote kwa pamoja kwenye kebo moja. Kinasa huiamuru kwa umeme: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa ya mlalo. Tena huongeza mlio wa kilohezi 22 kikitaka bendi ya juu, ile inayoanzia gigahezi 11.7, na huuondoa kikitaka bendi ya chini. Hiyo ni michanganyiko minne, na kebo moja hubeba mmoja tu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kinasa chenye tyuna mbili kinataka kebo mbili, kila moja ikitoka kwenye tundu lake la LNB. LNB ya matundu mawili inatosha kinasa kimoja. Ya matundu manne inatosha viwili, au kinasa kimoja na ving'amuzi viwili.

Kishawishi ni kuchukua kigawanyaji cha kawaida na kuipasua kebo moja iwe mbili. Usifanye hivyo. Tyuna moja ikiomba volti 13 na nyingine 18, LNB hutii volti ya juu, na chaneli zote za wima hupotea ghafla upande wa pili. Dalili yake inatambulika kirahisi: baadhi ya chaneli hukosekana pale tu kunapokuwa na rekodi nyingine inayoendelea, kisha hurudi zenyewe.

Kama nyumba ina kebo moja tu na kuvuta ya pili haiwezekani, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha LNB uweke ya Unicable, ambayo huipa kila tyuna masafa yake ndani ya kebo moja. Toleo la EN 50494 huhudumia tyuna 8, na EN 50607 hufika 32. Kinasa nacho lazima kiijue lugha hiyo, na kila tyuna ipewe namba yake. Mbili zikipewa namba moja zitasukumana. Njia ya pili haina gharama: kwenye menyu ya kinasa elekeza tyuna B ifuate tyuna A. Utarekodi mbili kwa pamoja pale tu zinapokuwa kwenye mkao mmoja wa mawimbi (wima au mlalo) na bendi moja.

Vinasa vingi vya kujitegemea vina jambo jingine jema ambalo halitangazwi sana. Transponda moja, yaani kirushi kimoja cha setilaiti, hubeba chaneli kadhaa, na tyuna moja ikishaishika inaweza kuzirekodi zote kwa mpigo. Vinasa vya kampuni kwa kawaida vinafuata idadi iliyoandikwa kwenye boksi, hata kama mashine ingeweza zaidi.

Nahitaji diski ya ukubwa gani?

Chukua kasi ya chaneli kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata gigabaiti kwa saa. Chaneli ya kawaida ya megabiti 3 inakula gigabaiti 1.35 kwa saa. HD ya megabiti 8 inakula 3.6, 4K ya megabiti 20 inakula 9. Diski ya terabaiti 1 kwa hiyo inabeba takriban saa 740, 277 au 111 kwa mfuatano huo. Chaneli za michezo huelekea kuwa juu, za mazungumzo chini, kwa kuwa vituo hugawana nafasi ya transponda kulingana na wingi wa mwendo kwenye picha.

Saa zinazoandikwa kwenye boksi la kinasa cha kampuni zisome kwa tahadhari. Mara nyingi zimehesabiwa kwa picha ya kawaida, na sehemu ya diski hutengwa kwa ajili ya vipindi ambavyo kampuni yenyewe inakushushia. Diski ya terabaiti 2 inaweza kukupa terabaiti 1 ya kutumia.

Diski ya USB yoyote inafaa?

Si yoyote. Angalia mambo matatu.

Kwanza umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na diski nyingi ndogo za kubebeka huomba zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka. Diski ikitoa mlio wa tik-tik na kutoweka kwenye menyu, inakosa umeme; tumia yenye adapta yake.

Pili umbizo, yaani jinsi diski ilivyopangwa kuhifadhi mafaili. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. HD ya megabiti 8 inafika hapo baada ya kama dakika 70, kisha kinasa ama hukata faili vipande ama husimama. Acha kinasa kiiformati diski chenyewe. Vile vinavyoendeshwa na Linux hutumia ext4. Kufanya hivyo kunafuta kila kitu kilichomo.

Tatu namna ya diski. Diski za SMR, ambazo mistari yake ya kuandikia imepandana, hupungua kasi zikiandikwa kwa muda mrefu bila kupumzika, na rekodi mbili za HD pamoja na akiba ya kusimamisha matangazo ni uandikaji usiokoma. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya video au kamera za ulinzi. Kidole cha USB (flashi) usikitumie kabisa kwa kazi hii, kitachoka mapema.

Naweza kutoa diski kwenye kinasa cha kampuni na kuisoma kwenye kompyuta?

Hapana. Rekodi zimefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya kinasa hichohicho, wakati mwingine ukiunganishwa na kadi. Kompyuta itaiona diski kama tupu na kukushauri uiformati, kataa. Hata kinasa cha pili cha kampuni ileile, cha modeli ileile, hakitazifungua.

Matokeo yake ni mazito kuliko watu wanavyotarajia. Kinasa kikifa bodi huku diski ikiwa nzima, rekodi zimepotea. Fundi wa kampuni akikubadilishia kinasa, unaanza na diski tupu. Ukiacha kulipia kifurushi, kinaweza kukataa kurekodi na hata kukataa kuonyesha ulichorekodi wakati ulikuwa unalipa. Soma masharti ya mkataba kabla hujaweka sahihi. Na kama kinasa ni cha kukodi, unakirudisha pamoja na kila kilichomo.

Kinasa cha kujitegemea chenye tyuna kinapokirekodi kipindi cha chaneli ya bure, kwa kawaida huandika faili la kawaida la .ts ambalo VLC, programu ya kuchezea video, inalifungua bila neno. Unaweza kulinakili, kukata matangazo na kulihifadhi miaka. Lakini thibitisha kwanza: baadhi ya vinasa vya bei ndogo hufunga hata rekodi za chaneli za bure.

Nikiweka kadi ya kampuni kwenye kinasa changu itafanya kazi?

Inategemea kampuni. Zipo zinazouza moduli ya CI+, kifaa cha kufungulia chaneli unachokichomeka kwenye kinasa pamoja na kadi ndani yake. Chaneli zitafunguka, ila kurekodi kunafuata amri za kituo. Kipindi kinaweza kuwekewa alama ya kutonakiliwa kabisa, na hapo utaruhusiwa kusimamisha na kuendelea ndani ya dakika 90 tu. Kinachoruhusiwa kurekodiwa nacho hufungwa kisichezwe pengine isipokuwa kwenye kinasa hicho. Kampuni nyingine zimeoanisha kadi na king'amuzi chao, na kadi hiyo popote pengine ni plastiki tu. Uliza swali hili kwa maandishi kabla ya kununua moduli.

Mwongozo wa vipindi una tofauti gani?

Hapa kinasa cha kampuni kinashinda wazi. Kampuni inaumiliki mwongozo, inauweka siku saba au zaidi mbele, na kila kipindi cha mfululizo kina namba yake ya utambulisho. Ukisema urekodiwe mfululizo wote, kinasa kinafuata namba hiyo hata kipindi kikihamishwa kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi, na kinaruka marudio.

Kinasa cha kujitegemea kinasoma mwongozo unaorushwa ndani ya mawimbi yenyewe. Baadhi ya vituo hurusha wiki nzima, vingine hurusha kipindi cha sasa na kinachofuata tu. Mfululizo hutafutwa kwa jina, kwa hiyo herufi moja ikibadilika kipindi kinapita. Unaweza kuongeza mwongozo kutoka intaneti. Panga kazi hiyo ifanyike usiku.

Mbona mwisho wa kipindi unakatika?

Kwa sababu vituo haviendi na saa. Weka dakika 5 kabla na 15 baada. Kwa mpira weka 60 baada. Ujue lakini kwamba dakika hizo nazo zinashika tyuna. Vipindi viwili vinavyofuatana kwenye chaneli mbili tofauti vitagongana pale mwisho wa kimoja unapopanda juu ya mwanzo wa kingine.

Kinasa kilikuwa kimewashwa, kipindi hakikurekodiwa. Nianzie wapi kutafuta?

Anzia kwenye saa. Vinasa hupata saa kutoka kwenye mawimbi, na baadhi huichukua kwenye chaneli yoyote unayoitazama. Chaneli moja yenye saa mbovu inasogeza ratiba yako yote. Kama kinasa kina intaneti, kielekeze kichukue saa huko na kipuuze ya chaneli.

Kisha angalia nafasi ya diski. Kinasa cha kampuni kwa kawaida hufuta cha zamani ili kupata nafasi, na hapo tatizo ni kinyume: kimefuta ulichokitaka, kwa kuwa hukukiwekea alama ya kutunzwa. Cha kujitegemea mara nyingi hukataa tu kuanza. Baada ya hapo tazama kama kuna mgongano wa tyuna, au kama chaneli imehamia transponda nyingine tangu ulipotafuta chaneli mara ya mwisho. Hali ya mwisho huacha faili la baiti sifuri lenye jina sahihi.

Mvua ikinyesha?

Vyote viwili vinaumia sawasawa, kwa kuwa dishi ni lilelile. Kinasa huandika kilichofika. Kilichopotea njiani kinabaki kuwa pengo, na picha itaganda mahali hapohapo kila ukiirudia. Dawa ipo juu ya paa: lenga dishi hadi ubora wa mawimbi ufike kilele siku ya jua kali, si hadi picha itokee tu, na fungia viunganishi vya nje visiingie maji.

Umeme ukikatika kinarudi chenyewe?

Kinasa cha kampuni huwaka upya, lakini kinaweza kuchukua dakika kadhaa kutafuta mawimbi na kushusha mwongozo, na rekodi iliyokuwa ikiendelea hubaki vipande viwili au kimoja. Cha kujitegemea kielekeze kwenye menyu kiwake chenyewe. Baadhi hubaki vimezima vikisubiri kidole. Faili lililokatwa ghafla kwa kawaida bado linachezeka, kasoro hasa ni kwamba huwezi kuruka mbele hadi ulijengee upya faharasa, ile orodha inayoonyesha kila sehemu ya kipindi iko wapi. UPS (betri ya akiba) ndogo inayobeba kinasa pekee inalinda diski, ambayo kukatikiwa na umeme huku ikiandika ndiko kunakoiharibu zaidi.

Usikifungie kabatini. Diski na bodi vinafanya kazi hata ukidhani kimelala. Acha sentimita 10 juu yake, na usikirundike juu ya king'amuzi kingine.

Kompyuta ya zamani inaweza kuwa kinasa?

Inaweza, na kwa chaneli za bure ni kinasa bora. Unahitaji kadi ya tyuna ya DVB-S2, diski, na programu kama Tvheadend kwenye Linux. Kurekodi mtiririko hakuhitaji prosesa kubwa kwa kuwa hakuna kubana upya. Hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inamudu. Kazi kubwa ni kupata dereva wa kadi ya tyuna, yaani programu ya kuiendesha, hivyo tafuta kwanza kadi inayotambuliwa na Linux bila kuongeza kitu.

Nataka kurudisha kinasa cha kampuni. Naokoaje vipindi vilivyomo?

Kabla hujakata malipo, angalia menyu kama kuna chaguo la kunakili nje. Baadhi huruhusu kutoa kwenye matundu ya analogi tu, kwa mwendo wa kawaida, saa moja ya kipindi kwa saa moja ya kusubiri. Hapo ndipo kinasa kisicho na tyuna kinapokuwa na kazi ya maana. Kiunganishe, zima maandishi ya chini na ujumbe wa skrini, chagua ubora wa juu kabisa, kisha cheza vile usivyoweza kuvipata tena popote. Zima kipengele cha kujizima ili kinasa cha kampuni kisijizime katikati, na usisubiri siku ya mwisho ya mkataba: saa 40 za rekodi zinahitaji saa 40 za kucheza.